Sedumu ni mmea gani, na "kustahimili ukame" maana yake nini hasa?

Sedumu ninayoiongelea hapa ni ile ndefu ya kusimama, sio ile inayotambaa chini. Inafika kama sentimita 45 hadi 60, ina majani manene yanayoteleza kidogo ukiyashika, na juu ya kila shina kunatokea vichala bapa vya maua madogo madogo kibao, ya pinki au mekundu. Wanasayansi wengi siku hizi wanaiita Hylotelephium, kundi ambalo Mjapani Hideaki Ohba alilitenga na sedumu zingine mwaka 1977, ila kwenye vitalu jina la sedumu limebaki. Aina moja, Hylotelephium spectabile, asili yake ni Uchina na Korea, na chotara maarufu kuliko wote anaitwa 'Herbstfreude', alitokea Ujerumani kwa mkulima wa maua Georg Arends.

Sasa watu wakisikia inastahimili ukame wanadhani ni mmea mgumu tu usiojali kitu. Sio hivyo. Una namna yake ya kuishi, na ukishaielewa hiyo namna utajua mwenyewe nini cha kufanya bustanini bila kuambiwa.

Kwanza yale majani manene ndio tangi lake la maji. Lakini kuhifadhi maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mmea wowote ili utengeneze chakula lazima ufungue vitundu vya majani uingize hewa ya ukaa, na vikishafunguka mchana wa jua kali maji yanatoka kwa mvuke, yaani unakula huku unakauka. Sedumu ikiona udongo umekauka inabadilisha ratiba: inafungua vitundu usiku kukiwa na ubaridi, inavuta ile hewa na kuiweka kama asidi ya maliki (hiyo hiyo inayofanya tofaa bichi liwe chachu), halafu mchana inafunga vitundu na kutumia ile asidi kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mimea ya jamii hii ndiyo iliyowafungua watu macho, maana mwaka 1815 zilichapishwa habari za mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyekuwa India, kwamba majani ya mmea mmoja wa ukoo huu huu yalikuwa machachu asubuhi na mchana hayana ladha. Na mi kinachonivutia zaidi ni kwamba hii sedumu haifanyi hivyo muda wote, maji yakiwepo inapumua mchana kama mimea mingine, ukame ukija ndio inahama.

Kwa hiyo huu mmea unaumia kwa huruma kuliko kwa shida. Ukiupa maji kila siku mizizi inaoza, hasa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Ukiupa mbolea nyingi ya naitrojeni au ukiuweka kivulini mashina yanarefuka na kulegea, halafu maua yakija na uzito wake kichaka kizima kinafunguka katikati na kulala chini, na watu wanakimbilia kufunga vijiti wakati tatizo liko kwenye mbolea na kivuli. Upe jua la masaa sita au zaidi, udongo unaopitisha maji haraka hata kama una kokoto na hauna rutuba ya maana, mwagilia mwaka wa kwanza mpaka mizizi ishike, baada ya hapo punguza sana, mpe tu pale ukame ukizidi mno. Kama kichaka chako huwa kinalala kila mwaka, kata mashina theluthi moja mwanzoni mwa majira ya joto, kwa nchi za kaskazini ni mwishoni mwa Mei hivi. Kitachelewa kuchanua kidogo lakini kitakuwa kifupi na kimeshikana.

Kuchelewa kuchanua nako ni faida kubwa. Maua yanafunguka mwishoni mwa majira ya joto kuingia vuli (yale majira ya kabla ya baridi, sio mvua za vuli), wakati vitu vingi bustanini vimeshamaliza, na nyuki na vipepeo wanajaa pale kwa sababu sehemu nyingine chakula kimepungua. Rangi nayo inageuka polepole, 'Herbstfreude' inaanza pinki inaishia nyekundu ya matofali.

Na tukisema ni mmea wa kudumu hatumaanishi unabaki kijani mwaka mzima. Baridi ikija yote ya juu inakufa na kukauka, wengine wanaung'oa wakidhani umekufa, tafadhali usifanye hivyo! Mizizi iko hai chini hata kukiwa na theluji. Yale mashina makavu yaache mpaka baridi iishe ndio uyakate, na utakuta vichipukizi vidogo vya duara tayari viko chini usawa wa udongo.

Kuuzalisha ni rahisi sana. Kila baada ya miaka mitatu minne chimbua kichaka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kigawe vipande vyenye mizizi na vichipukizi, panda upya. Au kata kipande cha shina kabla hakijatoa maua, toa majani ya chini, acha kidonda kikauke kama siku moja, chomeka kwenye udongo wenye mchanga mwingi na usikiloweshe.