Mibuni pori ya Lindi: itambue kabla hujaifyeka

Kahawa inayonywewa kwenye vijiwe vya Lindi mjini hutoka Mbinga, Kilimanjaro au Kagera. Wachache wanajua kuwa misitu ya mkoa huu nayo ina mibuni yake, ambayo haikupandwa na mtu. Mmoja ni Coffea schliebenii, unaokumbusha jina la Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea kando ya ziwa Lutamba miaka ya 1930. Mwingine ni Coffea zanguebariae, unaoota kusini mwa Tanzania hadi Zimbabwe, ambao Loureiro, mtaalamu wa mimea Mreno, aliueleza kitaalamu mwaka 1790.

Kwa macho ya haraka ni kichaka tu, kimejificha kivulini chini ya miti mikubwa, na ndiyo maana hufyekwa bila mtu kujali. Basi tazama kwa karibu. Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana. Pale yanaposhikana na tawi, katikati ya vikonyo, kuna jani dogo sana la pembetatu linalofunika chipukizi changa. Dalili hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu familia ya Rubiaceae, ambamo mbuni umo, ina vichaka vingi vyenye jani dogo kama hilo. Pasua tunda lililoiva: ukikuta punje mbili zilizolaliana kwa upande bapa, kila moja na mfereji katikati, huo ni mbuni.

Maua ni meupe, yenye harufu tamu, na huchipuka kwenye kwapa za majani. Vitumba husubiri kiangazi chote vikiwa vimelala. Mvua ya kwanza nzito ndiyo huviamsha, na baada ya siku kadhaa mmea mzima huwa mweupe, kisha maua hunyauka upesi. Baadhi ya spishi za pwani hupukutisha majani wakati wa ukame, hivyo maua hutangulia majani mapya kukomaa.

Kinachotutia wasiwasi ni uchache wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa kati ya spishi 124 za kahawa duniani, 75 zimo hatarini kutoweka. Isitoshe, punje za kahawa haziwezi kukaushwa na kugandishwa kwa miaka mingi kama mbegu za mahindi, kwa hiyo hifadhi ya uhakika ni msitu wenyewe. Msitu ukichomwa kwa mkaa, au ukifunguliwa kwa shamba la ufuta au mikorosho, mbuni hupoteza kivuli chake. Na tukiupoteza, tunapoteza pia sifa ambazo mashamba yetu yatazihitaji: kustahimili ukame, kukomaa mapema, hata kutokuwa na kafeini, kama ilivyo kwa jamaa yake wa pwani, Coffea pseudozanguebariae.

Ukiuona, usiung'oe kwenda kuupanda nyumbani. Piga picha ya tawi, ya fundo lenye majani na ya tunda lililopasuliwa, andika jina la msitu na kijiji kilicho karibu, kisha zipeleke kwa afisa misitu wa wilaya.