Slaidi tano za mbele zinamla mteja bando

Kila nikipewa kazi ya saiti mpya, ombi la kwanza ni lile lile: "kaka niwekee picha kubwa kubwa pale mbele, ziwe zinapishana." Juzi kati nimepata dada mmoja anauza vitenge Kariakoo, kanitumia picha tano kapiga mwenyewe, kali kweli, ila kila moja ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 4. Piga mara tano. MB 20 zimeondoka mtu hajaona bei ya kitenge hata kimoja, na huyo mtu yuko kwenye daladala na bando la siku.

Nikamwambia dada, waifai ya ofisini tuiache, toa simu yako tujaribu na data. Tukakaa tunaangalia picha inashuka kidogo kidogo kutoka juu kama pazia, mpaka akasema mwenyewe "mh, mimi ningeshatoka."

Hesabu yenyewe iko hivi: kwenye simu nyingi za Android saiti inaona skrini ya upana wa pikseli 360 hivi, hata zile skrini kali ukizidisha mara tatu unapata 1080. Sasa hiyo 4000 simu inaishusha yote, inalipiwa yote, halafu inabanwa iingie. Nikaipunguza mpaka 1080, nikasevu kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ikaja kama KB 120, dada kaangalia hajaona tofauti. Ya kompyuta nikaweka kubwa zaidi, na srcset (sehemu ya kodi inayotaja saizi tofauti za picha ile ile) inaachia brauza ichague yenyewe. Slaidi nikabakisha picha moja tu. Na hiyo moja usije ukaiwekea loading="lazy" (inaiambia brauza isiishushe picha mpaka mtu akaribie kuifikia), mimi niliwahi kuweka kwa picha zote za saiti nikijiona mjanja, nikashangaa ukurasa umezidi kuchelewa, kumbe picha inayotakiwa kwanza ndo nimeiambia isubiri.

Kilichonitoa jasho ni kitufe lakini. Templeti (muundo wa saiti uliotengenezwa tayari) ilikuja ya Kiingereza, pale pameandikwa "Buy", herufi tatu, kitufe kimekaa vizuri. Nikaweka "Ongeza kwenye kikapu", kikakatika mistari miwili, kikasukuma bei chini, kila kadi ya bidhaa ikawa na urefu wake. Nikapunguza saizi ya herufi, ikawa haisomeki. Baadaye ndo nikamuuliza dada, wateja wako wananunuaje? Kumbe wote wanaagiza WhatsApp, hicho kikapu hakuna mwenye shida nacho! Tukaandika "Agiza" yakaisha. Hilo swali nilitakiwa niulize siku ya kwanza, naliandika hapa na wewe usirudie.

Fomu ya anwani nayo, herufi za visanduku zikiwa chini ya pikseli 16 iPhone inaukuza ukurasa yenyewe mtu akigusa tu kuandika, anabaki kuhangaika kuurudisha. Weka 16, usibishane nayo.

Rangi ya bei ndo tulibishana kweli. Dada alitaka kijivu #999 juu ya nyeupe, kaona kwenye saiti za nje, "inaonekana ya kishua." WCAG, mwongozo wa kufanya saiti zitumike na watu wote hata wasioona vizuri, unataka utofauti wa mwanga kati ya herufi na rangi ya nyuma uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, hiyo haifiki hata 3. Nikatoka naye nje ya duka saa saba mchana, jua la Dar unalijua, nikampa simu asome bei. Akageuza, akakinga na mkono, akaishia kunirudishia. Nikaipa nyeusi. Mpaka leo anasema imekaa kizamani.