Dybbøl 1864: dakika aliyoichagua Rosenstand

Mchoraji Mdenmark Vilhelm Rosenstand alichora shambulio la Brigedi ya Nane ya jeshi la Denmark mwaka 1894, miaka 30 baada ya tukio lenyewe. Pengo hilo ni zito, maana vita hivyo, vya Denmark dhidi ya Prussia, dola la Kijerumani, alivipigana mwenyewe akiwa afisa. Alijua vilivyoishia.

Tarehe 18 Aprili 1864, baada ya wiki kadhaa za kupigwa mizinga, ngome za Wadenmark huko Dybbøl zilivamiwa na Waprusia saa nne asubuhi. Zile za mstari wa mbele zilianguka ndani ya nusu saa hivi. Brigedi ya Nane, iliyokuwa ya akiba, ikaamriwa kujibu. Askari wapatao 2,900 wakakimbia mahali peupe, singe mbele, wakawasukuma adui hadi karibu na kinu cha upepo. Hapo wakakwama. Takriban nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Wenzao wakapata muda wa kuvuka kwenda kisiwa cha Als.

Mbio zile zilikuwa na sababu. Bunduki za Wadenmark zilishindiliwa kwa mdomoni, na kazi hiyo humlazimu askari kusimama. Waprusia walijaza risasi kwa nyuma, hata wakiwa wamelala chini. Kusimama kurushiana risasi nao kungekuwa kujimaliza. Iliyobaki ni kuwafikia.

Rosenstand akaichagua dakika hiyo: wanaume wanasonga mbele na kushindwa bado hakujafika. Anayetawala turubai si mfalme wala jenerali, ni kundi la askari wa miguu, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika kazi hii.

Niels Simonsen, mchoraji mwingine Mdenmark aliyechora mwaka uleule wa vita, alichagua kinyume: jeshi likirudi nyuma kutoka Dannevirke, ukuta wa kale wa ulinzi wa Wadenmark, mwezi Februari, katikati ya baridi kali. Kwangu Simonsen ni mkweli zaidi kuhusu vita, ila Rosenstand anatueleza zaidi kuhusu Denmark. Mwaka 1894 Slesvig, jimbo ambalo Denmark ililipoteza katika vita hivyo, ilikuwa bado mikononi mwa Ujerumani. Sehemu ya kaskazini, pamoja na Dybbøl, ilirudi kwa kura mwaka 1920 tu. Watu waliopoteza ardhi kiasi kile walihitaji kuwaona vijana wao wakikimbilia mbele, na siwalaumu.

Ukizitafuta picha hizi mtandaoni, anza na ya Simonsen, kisha mwangalie Rosenstand bila haraka.