Kabla Hujazamia Malindi, Jifunze Kuelea

Wageni wengi wanaozamia kwa mitungi ya hewa katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi hudhani kwamba tumbawe ni jiwe, kwa hiyo hulishika wanapoyumba au hulikanyaga kwa mapezi ya miguuni. Tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo wenye mwili laini, ambao hujijengea nyumba ya chokaa na kuishi pamoja na mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Matumbawe ya duara hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka, na kila nikiona alama mpya ya pezi juu yake huniuma.

Hifadhi hii inalindwa tangu 1968, lakini ulinzi hauzuii joto la bahari. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalipoteza mwani wake, yakapauka, na mengi yakafa, ikiwemo Kiunga, huko Lamu. Yaliyobaki hayafai kuongezewa majeraha tunayoweza kuyazuia.

Tatizo kubwa ni uzito. Mzamiaji aliyefunga kiunoni vipande vingi vya risasi, yaani madini mazito ya kumsaidia kuzama, huning'iniza miguu, akalazimika kupiga mapezi bila kukoma, na mchanga anaoutimua huyafunika matumbawe. Zaidi ya hayo, kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, hewa iliyomo ndani ya jaketi la kuelea analovaa mzamiaji husinyaa hadi nusu, na asiyeongeza kidogo huzama kwa kasi asiyoitarajia. Pumzi nayo husaidia, kwani ukivuta unapanda na ukitoa unashuka, ila usiizuie kamwe unapopanda, kwa maana hewa inayotanuka huweza kupasua mapafu.

Chagua kaskazi, yaani msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, kwa kuwa mvua za masika huleta tope la Mto Sabaki, na katika maji machafu mwamba huonekana ukiwa umeshaufikia. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, ni bora kuliko bamvua, inapopanda na kushuka sana, kwa sababu mkondo wa maji mafu ni mpole na anayeanza kujifunza hasukumwi ovyo. Mwombe pia nahodha afunge mashua kwenye boya, kwa sababu nanga moja ikiburutwa huharibu matumbawe mengi kuliko wazamiaji kumi.