Kibao ukutani Mji Mkongwe: tunayoambiana barzani na yalivyo hasa

Mtoto wa ami yangu pale mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe hapa Unguja, kaamua kukodisha vyumba viwili vya juu, kibao cha biashara kishachongwa, fundi kaja na drili yake kasimama mlangoni, na barza nzima ishatoa hukumu: toboa bwana, kwani nyumba si yako? Mie nkawambia ngojeni kwanza, mana haya tunayoambiana kwenye kahawa mengi sivyo yalivyo.

Hilo la "nyumba yangu, ukuta wangu" ndo kubwa kuliko yote. Ndani ya Mji Mkongwe hati inakupa nyumba, lakini sura ya nje huigusi kwa uamuzi wako peke yako, unapeleka ombi Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali, iwe kibao cha biashara, iwe dirisha jipya, iwe kibati cha kukinga mvua juu ya mlango. Na ukiwa mpangaji wa nyumba ya Wakfu au ya serikali (na hizo zimejaa mjini) mwenye nyumba naye lazima aridhie kwanza.

Wengine wanasema ati haya ni ya UNESCO, wazungu ndo wanatukataza. Aa, wapi. Mamlaka imeanzishwa 1985, sheria yake ikaja 1994, UNESCO kaja kuutia mji kwenye urithi wa dunia 2000, piga hesabu mwenyewe nani kaanza. UNESCO hatoi kibali cha kibao cha mtu.

"Sheha kashakubali" (yani kiongozi wa mtaa) nayo naisikia kila siku. Kumtaarifu sheha ni vizuri, ila kibali si yeye anayetoa.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe, hapa ndo watu hawaelewi kabisa. Wanadhani simenti ndo imara kwa hivo kibao kikilegea fundi anakandika simenti nyuma yake kishapo anapaka rangi ya plastiki, basi, kazi kwisha. Kuta zetu hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa, zinapumua, simenti haipumui, ule unyevu unakwama nyuma na chumvi yake. Kwa jirani yetu kibao cha zamani kilipong'olewa nlikwenda kutazama: kiraka cha simenti ukubwa wa sahani kimekaa kigumu vile vile, lakini pembeni yake chokaa yote imekuwa unga, nkaigusa kwa ukucha tu ikamwagika mpaka jiwe likaonekana. Masika moja zaidi na kiraka kizima kingemwangukia mtu kichwani. Ukuta wa chokaa unazibwa kwa chokaa, mafundi wa zamani wanalijua hili.

Halafu kuna wanaoona mlango si ukuta kwa hivo unapigiliwa tu. Nimeona kwa macho yangu kibao cha "WiFi ipo" kimepigwa misumari kwenye fremu ya nakshi, na juu yake kwenye kizingiti imechongwa aya ya Qurani, subhanallah. Na ile misumari mikubwa ya shaba mnayowahadithia wageni kuwa ni ya kuzuia tembo, hiyo hadithi ni ya Bara Hindi, tembo gani Unguja hii atapita uchochoro wa Kiponda? Kwetu ni pambo na fahari ya mwenye nyumba.

Na mlioko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, msicheke, kule hamna matumbawe mengi lakini bango la biashara Baraza la Manispaa wanalitaka lilipiwe.

Basi yule fundi kanywa kahawa yake kaondoka na drili. Ombi lishapelekwa, kibao kimeegemezwa ukumbini, na bibi kashaanza kukianikia kanga.