Mawe ya figo: yanayosemwa mtaani na yanayotokea mwilini

Ugonjwa unaouma hivi haukosi waganga. Jirani ana mizizi yake, rafiki anaapa kwa bia mbili baridi, na simu imejaa video za ndimu na mafuta ya zeituni. Mengi ya hayo hayadhuru. Machache yanaua figo. Na karibu yote yametokana na kosa moja: kuyachukua maumivu kama kipimo cha jiwe.

“Jiwe kubwa ndilo linalouma”

Jiwe lililotulia ndani ya figo mara nyingi haliumi kabisa. Kasheshe huanza linapoingia kwenye ureta, yaani mrija wa sentimita 25 hadi 30 unaoteremsha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Upana wake wa ndani ni milimita 3 hadi 4 tu, na una sehemu tatu zilizobana zaidi: pale unapotoka kwenye figo, pale unapopita juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapoingia kibofuni. Jiwe likinasa, mkojo unarudi nyuma, figo inatanuka kwa presha, na mrija unajikaza kulisukuma. Mwili nao unamwaga kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoifanya figo ichuje mkojo zaidi huku njia imezibwa, presha ikapanda tena. Hapo ndipo maumivu yanapotoka; kukwaruza kwa jiwe ni jambo dogo.

Kwa hiyo jiwe la milimita 3 lililoziba barabara litamgaragaza mtu mzima sakafuni, ilhali jiwe la sentimita 4 lililojaza figo linaweza kukaa miaka bila mwenyewe kujua, mpaka lionekane kwenye altrasaundi aliyopigwa kwa shida nyingine.

Maumivu yenyewe yana tabia yake. Huanza ghafla ubavuni, nyuma, chini ya mbavu. Yanapanda, yanakaa dakika 20 hadi saa moja, yanashuka, yanarudi. Mgonjwa hatulii: anakaa, anasimama, anapiga magoti, anatapika, anatembea tena. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala tuli na hataki hata kitanda kiguswe. Muuguzi mzoefu hutofautisha wawili hawa kutokea mlangoni.

“Hiyo ni ngiri”, “hilo ni chango”, “hiyo ni UTI”

Jiwe linaposhuka, maumivu nayo yanashuka: kutoka ubavuni hadi kinenani, kwa mwanaume hadi kwenye korodani, kwa mwanamke hadi kwenye mashavu ya uke. Sababu ni kwamba neva za ureta na za maeneo hayo huingia kwenye uti wa mgongo karibu karibu, na ubongo unachanganya habari. Mwanaume anaambiwa ana ngiri, mwanamke anaambiwa ana chango, wote wanachemshiwa mizizi. Ngiri ya kweli huwa na uvimbe kinenani unaojitokeza mtu akikohoa au akisimama. Jiwe halina uvimbe wa kushika.

Likifika mlangoni mwa kibofu linabadilisha sura: haja ndogo kila dakika chache, mkojo matone, kuungua mwishoni. Hapo mgonjwa hupewa dozi ya UTI, wakati mwingine ya tatu kwa mwezi, bila mkojo kupimwa wala kuoteshwa.

Damu kwenye mkojo husaidia kubaini lakini haimalizi hoja. Zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 mwenye jiwe kwenye ureta haonekani na damu, hata kwa darubini. Na kwa aliyekulia Pemba, Kwale au vijiji vya Kanda ya Ziwa, damu inayotoka mwishoni mwa mkojo inaweza kuwa kichocho, ugonjwa ambao ukikaa miaka hubana ureta zenyewe. Bila picha ni kubahatisha. Altrasaundi huonyesha vizuri figo iliyovimba, lakini huyakosa mawe mengi yaliyo katikati ya ureta. Eksirei ya kawaida haiyaoni mawe ya yuriki asidi, taka ya mwili inayotoka na mkojo. CT-Scan isiyo na dawa ya mshipa ndiyo inayoona karibu yote, na ndiyo inayotoa ukubwa kwa milimita. Dai namba hiyo. “Una kijiwe kidogo” si majibu.

“Kunywa maji mengi sasa hivi, yalisukume”

Hili ndilo kosa linalofanywa kwa upendo mwingi kuliko yote. Katikati ya shambulio njia imezibwa. Kila lita unayomlazimisha mgonjwa inaongeza presha nyuma ya jiwe, na nyingi ataitapika. Drip za haraka haraka hazilitoi jiwe pia. Anywe kadiri ya kiu yake, basi.

Kinachosaidia ni kukata zile prostaglandini. Sindano ya diklofenaki ya miligramu 75 kwenye msuli, au ibuprofeni ya miligramu 400 kwa asiyetapika, kwa maumivu haya kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko hata dawa za jamii ya mofini, na haileti kichefuchefu kama hizo. Lakini dawa hizo si za mjamzito, si za mwenye vidonda vya tumbo, wala si za mwenye figo zilizodhoofika. Hao wapewe parasetamoli wakiwa njiani kwenda hospitali. Buskopani, ambayo hutolewa kila mahali, haiongezi nafuu ya maana juu ya diklofenaki.

Maji ni dawa ya kesho: yanazuia jiwe lijalo. Lengo ni kutoa mkojo wa lita 2.5 kwa siku, na hiyo kwa kawaida ni kunywa kama lita 3. Mpishi aliye mbele ya jiko, mvuvi, dereva wa lori, fundi ujenzi aliye Muscat au Doha mwezi wa Julai, hawa hupoteza mengi kwa jasho na lita 3 haziwatoshi. Huna haja ya kukisia: tafuta dumu safi la lita 5, kojoa humo kutwa na usiku mzima, kisha soma kilichopatikana. Glasi moja kabla ya kulala ina kazi yake, maana mkojo wa usiku ndio mzito zaidi.

“Litatoka tu lenyewe” na “lazima upasuliwe”

Wanaosema hivi hubishana, na wote wamekosea. Kinachoamua ni ukubwa na mahali. Jiwe la hadi milimita 4 hutoka lenyewe kwa takriban watu 4 kati ya 5. La milimita 5 hadi 10, ni kama nusu kwa nusu, na bahati huongezeka kadiri lilivyo karibu na kibofu. Likizidi milimita 10, usilipangie safari hiyo.

Muda nao hupotosha watu. Jiwe la milimita 2 huchukua kama wiki moja. La milimita 5 laweza kuchukua wiki tatu, likiuma siku moja na kunyamaza nne. Daktari akiona inafaa kusubiri, mwisho wake ni wiki 4 hadi 6. Anaweza kuongeza tamsulosini ya miligramu 0.4 mara moja kwa siku, inayolegeza sehemu ya chini ya ureta. Faida yake huonekana zaidi kwa mawe ya milimita 5 hadi 10 yaliyokwisha kushuka. Ubaya wake ni kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla.

Kipindi chote cha kusubiri, chuja kila mkojo, hata wa saa nane za usiku. Chujio la chai la nyavu laini linatosha, liwe la kazi hiyo tu. Unachotafuta ni punje ya kahawia au nyeusi, mara nyingi ndogo kuliko punje ya mtama, yenye miiba ukiitazama kwa karibu. Isuuze, ianike ikauke, itie kwenye kichupa kikavu na uipeleke ipimwe aina. Wengi huionyesha nyumba nzima kisha wakaitupa, wakati ndiyo ingeamua wale nini na wameze nini miaka inayofuata.

Wanaume huogopa sana hatua ya mwisho, ya jiwe kupita kwenye uume. Hofu hiyo haina msingi mkubwa: njia hiyo ni pana kuliko ureta. Jiwe likishaingia kibofuni mateso huwa yamekwisha, na wengine hujua limetoka kwa kusikia “tik” chooni.

Panapohitajika hospitali, si lazima kisu kirefu cha ubavuni. Mawimbi ya kuvunja mawe kutoka nje ya mwili yalitumika kwa binadamu mara ya kwanza Munich, Ujerumani, mwaka 1980, na yanafaa kwa mawe mengi yasiyozidi milimita 20. Kuna kifaa chembamba kinachopitishwa njia ya mkojo na kulivunja jiwe kwa leza. Mawe makubwa zaidi hutolewa kwa tundu la kama sentimita moja mgongoni. Baadaye wengi huachiwa ndani mrija laini wa kuiweka wazi njia ya mkojo kutoka figo hadi kibofu, ule uitwao JJ. Andika tarehe ya kuutoa kwenye kalenda ya ukutani. Kwa kawaida haupaswi kuzidi miezi 3. Ukisahaulika unaota mawe juu yake, na kuutoa kunakuwa kazi kubwa kuliko jiwe la mwanzo.

“Maumivu yameisha, maana yake limetoka”

Kama hukuliona kwenye chujio, hujui. Maumivu yanaweza kuisha kwa sababu jiwe limetoka kweli. Yanaweza kuisha kwa sababu limejigeuza kidogo na mkojo unapenya pembeni. Na yanaweza kuisha kwa sababu figo imeanza kushindwa: inachuja kidogo, presha inashuka, kunakuwa kimya. Huyu wa tatu hana dalili nyingine. Figo ya upande wa pili inafanya kazi, mkojo unatoka kama kawaida, na anawaambia watu mizizi imemponya. Figo iliyozibwa kabisa huanza kupata madhara yasiyorudi ndani ya wiki chache. Picha ya marudio ni ya lazima, hata kama mtu anacheza mpira.

Kitu kimoja hakisubiri marudio, wala hakisubiri asubuhi: homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu. Hapo kuna maambukizi yaliyofungiwa nyuma ya jiwe, na yanaweza kumwagika kwenye damu ndani ya saa chache. Antibaiotiki peke yake haitoshi kwa sababu haifiki vizuri kwenye figo iliyozibwa. Lazima mkojo ufunguliwe njia, kwa mrija wa JJ au kwa mrija wa kupitia mgongoni. Zahanati ichome sindano ya kwanza na kutoa rufaa saa hiyo hiyo. Wa kukimbizwa vilevile ni mwenye figo moja, mjamzito, aliyekaukiwa mkojo, na anayetapika kila dawa.

“Acha maziwa, yana chokaa”

Mawe mengi kweli ni ya kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mboga na vyakula, na hesabu inaonekana rahisi: punguza kalsiamu, punguza mawe. Kinyume chake ndicho kilichoonekana. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 wenye mawe ya kujirudia. Waliokula kalsiamu ya kawaida, chumvi kidogo na nyama kidogo walirudiwa na mawe kama nusu ya waliokatazwa kalsiamu. Kalsiamu ya chakulani hukutana na oksaleti utumboni, zikashikana, zikatoka na choo. Ukiacha maziwa, oksaleti inabaki huru na kuingia kwenye damu, kisha figoni.

Mchicha una oksaleti nyingi, na karanga tunazouungia nazo zinaongezea. Uchemshe, umwage maji, na uweke mtindi kwenye mlo huo huo. Vidonge vya kalsiamu, kama umeandikiwa, vimezwe na chakula. Vitamini C ya vidonge vya miligramu 1,000 iache. Sehemu yake hugeuka oksaleti mwilini.

Adui anayesahaulika ni chumvi. Sodiamu inapotoka kwenye figo huburuta kalsiamu nayo. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndicho kikomo, pamoja na iliyojificha kwenye vidonge vya mchuzi, ng’onda, na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi bila hata kuonja.

Mchanga kwenye mboga, mbegu za nyanya na mawe ya kwenye maharage haviingii figoni. Hupita utumboni na kutoka.

“Kuna kinachoyeyusha”

Kuna, kwa mawe ya yuriki asidi: potasiamu sitreti ya kupunguza ukali wa mkojo, kwa wiki au miezi, kwa kipimo cha daktari. Mawe ya kalsiamu hayayeyuki kwa chochote kinachomezwa. Ndimu au limau, kama mililita 120 za maji yake ndani ya lita 2 kwa siku, huongeza sitreti inayozuia mawe mapya. Mafuta ya zeituni hayana kazi hapo. Soda za kola hazisafishi chochote zaidi ya mfuko wako. Bia inakukojoza leo na kukuachia yuriki asidi, ambayo nyama choma inayoisindikiza huiongezea. Madafu ni mazuri kwa mwenye figo nzima, lakini yana potasiamu nyingi kwa mwenye figo zilizoshindwa.

Tahadhari kubwa iende kwa birimbi. Moja mbili kwenye mchuzi wa samaki au achari hazina neno. Ila juisi yake, kwa kuwa ni kali, husifiwa kuwa inasafisha mwili, nayo imejaa oksaleti. Huko Kerala, India, walioinywa ikiwa nzito ili kushusha lehemu walipata figo kushindwa ghafla kwa fuwele za oksaleti, na baadhi yao waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu.