Majemadari watatu wa Hitler na mishale ya Juni 1941

Wageni wa makumbusho yetu wakifika kwenye ramani ya Juni 1941 huuliza swali lilelile: jeshi la Ujerumani lililoiangusha Ufaransa kwa wiki sita lilikwamaje mlangoni mwa Moscow? Wengi huja na jibu lao mfukoni: baridi. Baridi ilikuwepo, sikatai. Ila itazame mishale kwanza.

Alfajiri ya Juni 22, askari wa Ujerumani wapatao milioni 3 walivuka mpaka wa Umoja wa Kisovieti katika makundi matatu ya majeshi. Kaskazini, Wilhelm von Leeb alielekea Leningrad. Kusini, Gerd von Rundstedt alikabidhiwa Ukraine. Fedor von Bock, wa katikati, ndiye aliyepewa nguvu kubwa zaidi, vikiwemo vikosi viwili vya vifaru chini ya Heinz Guderian na Hermann Hoth. Nchi ile inapanuka kama faneli, hivyo kila mshale ulivyosonga mbele ndivyo ulivyozidi kuachana na mwenzake.

Julai 3, Franz Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliandika kwenye shajara yake kwamba Wajerumani wameshashinda vita ndani ya wiki mbili. Agosti 11 kalamu ileile ikakiri: walitarajia divisheni 200 za adui, na tayari wamehesabu 360.

Nyuma nako mambo hayakuwa shwari. Jeshi hili tunalolikumbuka kwa vifaru liliingia na farasi zaidi ya laki 6. Reli za Ujerumani zina upana wa milimita 1,435, sawa na SGR yetu, lakini za Kisovieti zilikuwa 1,524. Mafundi walilazimika kung'oa misumari, kusogeza chuma na kugongelea upya, kilomita baada ya kilomita, huku vifaru vikisubiri mafuta.

Ndipo likazuka lile zogo la Agosti. Bock na Halder walitaka Moscow. Hitler alitaka ngano na makaa ya Ukraine, pamoja na njia ya kuyafikia mafuta ya Kaukazi. Agosti 23 Guderian alisafiri hadi makao ya Hitler, Prussia Mashariki, Halder akitumaini kwamba atambadilisha bwana mkubwa mawazo. Guderian alijieleza, akasikilizwa, kisha akakubali kugeukia kusini. Halder alifura kwa hasira. Vifaru vya Guderian vikakutana na vya Ewald von Kleist mashariki ya Kiev, na Wajerumani wakadai mateka zaidi ya laki 6. Safari ya Moscow ikasubiri hadi Oktoba, mvua na matope vikaikuta njiani.

Baada ya vita, majenerali wengi walimtupia Hitler lawama zote. Marehemu hajibu. Binafsi siamini kwamba Moscow ingeanguka kirahisi mwezi Agosti, huku jeshi zima la adui likiwa limeachwa ubavuni pale Kiev.

Wala majenerali hao hawakuwa askari safi waliojali ramani tu. Amri ya kuwaua makamisaa, yaani maofisa wa kisiasa wa jeshi la Kisovieti, wakikamatwa ilitolewa Juni 6, kabla risasi ya kwanza haijalia. Oktoba 10 Walther von Reichenau, kamanda wa Jeshi la 6, aliwaambia askari wake waelewe ulazima wa kuwaadhibu Wayahudi vikali; Rundstedt aliiunga mkono amri hiyo na kuisambaza kwa majeshi mengine. Hadi vita vinakwisha, mateka wa Kisovieti zaidi ya milioni 3 walikuwa wamekufa mikononi mwa Wajerumani, kwa njaa, maradhi, baridi na risasi.

Desemba 5 Wasovieti walianza kujibu mapigo mbele ya Moscow. Rundstedt alikuwa ameshafukuzwa kwa kurudi nyuma kutoka Rostov. Kabla ya mwaka kwisha Bock na Guderian nao waliondoka, na Hitler akajitwalia ukamanda wa jeshi la nchi kavu. Leeb akafuata Januari. Mwezi huohuo Reichenau, aliyemrithi Rundstedt, alifariki ghafla, na aliyeitwa kuziba pengo kule kusini akawa Bock yuleyule.